Palizi ya Alhamisi

Saa nne kasorobo asubuhi Yayra Kumordzi aliisoma hati ya kiapo kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne haikumpa kitu.

Ilikuwa ukurasa mmoja. Ebo Essilfie, mpeleka samansi wa mahakama ya Odumkrom, aliapa kwamba siku ya Alhamisi, tarehe sita Juni, saa nne asubuhi, alimkuta mdaiwa Frema akipalilia shamba lake la kakao kando ya njia ya Aboabo. Alimweleza shauri. Mdaiwa akakataa kupokea karatasi. Yeye akaiweka miguuni pake, akaondoka. Chini palikuwa na sahihi na muhuri, na muhuri ulikuwa wa kweli. Sheria nayo iliridhika, kwa kuwa karatasi iliyowekwa miguuni mwa mtu ni sawa na iliyotiwa mkononi mwake.

Kwa ukurasa huo mmoja Wakili Amoateng alipata hukumu ya upande mmoja. Kwa hukumu hiyo, kesho Ijumaa saa tatu asubuhi, maofisa wa mahakama wangemwingiza Asiamah, mpwa wa marehemu mume wa Frema, katika ekari sita za kakao ambazo mjane alidai alipewa na mumewe mbele ya mashahidi. Mwalimu wa kanisa ndiye aliyemwandikia barua ya malalamiko kwenda Accra. Kamati ya nidhamu ya mawakili ikamtuma Yayra, ambaye alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka kumi na sita kabla ya kuajiriwa nayo.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, uani kwa mjane mwenyewe. Eno Frema, yaani Bibi Frema kwa heshima ya Kitwi, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa chini kwenye kigoda akibangua karanga.

"Eno, siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani."

"Na nani?"

"Na Mungu na kuku."

"Kuku hawaapi mahakamani, Eno."

"Na Mungu je?"

"Yeye huapiwa. Haji mwenyewe."

Bibi alicheka, akatupa ganda. "Basi nimekwisha."

"Hukwenda zahanati? Msibani? Sokoni Kumasi?" Yayra alikuwa akitafuta daftari lolote lenye jina lake na tarehe hiyo.

"Nimekwambia nilikuwa nyumbani. Unataka niseme nilikuwa Kumasi ili ufurahi?"

"Sitaki."

"Nyinyi watu wa Volta mna ubishi."

Yayra aliigeuza hati. Kisha akauliza jambo ambalo, alipolipitia daftari lake baadaye, aliona lilistahili kuwa swali la kwanza. "Eno, kuna mtu aliyewahi kukusomea karatasi hii?"

"Nani anisomee? Waliniambia imesema niliitwa nikagoma. Nikasema sikuitwa. Wakasema karatasi imesema."

"Hebu nikusomee."

Aliisoma polepole, akiigeuza kwa Kitwi neno baada ya neno, na bibi akimsahihisha matamshi yake ya Kiewe. Alipofika kwenye palizi, karanga zikaacha kulia.

"Rudia hapo."

"'Nilimkuta mdaiwa akipalilia shamba lake la kakao.'"

"Siku gani?"

"Alhamisi."

Eno Frema akainuka. Ungo ukaanguka, karanga zikatawanyika, na kuku wakazivamia bila yeye kuwafukuza.

"Wanichukulie shamba, sawa, nitalilia shamba. Lakini waseme nimemgusa Asase Yaa kwa panga siku yake ya kupumzika? Mimi? Nani amesema? Mtaje!"

"Anaitwa Essilfie."

"Essilfie. Hilo jina la pwani. Mfante huyo. Hata mbuzi wao analia kwa Kiingereza." Akafunga vizuri kitambaa chake kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. "Ardhi ni mtu, binti yangu. Kazaliwa Alhamisi, ndiyo maana anaitwa Yaa. Siku yake humlimi, humchimbi, humpalilii. Ukifanya hivyo chifu anakutoza kondoo, na mji mzima unajua ni kwa nini."

Yayra aliandika. Kwao Anlo, huko Volta, miiko ya siku ilikuwepo pia, lakini kila mji na siku yake. Aliinua kalamu.

"Eno, nitakuuliza kama atakavyouliza wakili. Siku hizi watu wanaokoka. Wapo wanaosema mwiko ni wa wapagani."

"Mimi ni Mmethodisti tangu kubatizwa. Yesu hajaniambia nimpige mama yangu panga siku aliyolala." Akanyoosha kidole kuelekea lango. "Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na saa?"

"Saa nne na dakika tano."

"Basi nenda kaione hiyo njia ya Aboabo. Mimi siendi."

Yayra akaenda, saa mkononi.

Mji wote ulikuwa nyumbani. Wanaume walicheza dama vibarazani, wanawake wawili walisukana, mzee mmoja alikuwa juu ya paa akigongomea bati. Mapanga yalisimama kando ya milango, yakavu. Baada ya nyumba ya mwisho njia iliingia kwenye kakao, na kutoka hapo alihesabu. Mpaka saa tano kasorobo alikuwa amemhesabu mbuzi mmoja.

Dakika mbili baadaye alimwona mtu. Mwanamume mwenye fulana ya kanisa la wokovu alikuwa amechuchumaa katikati ya mipilipili, akichuma huku akitazama huku na huku. Alipomwona Yayra alitaka kulala chini, akabadili mawazo.

"Madam, wewe ni wa chifu?"

"Ni wa kamati ya mawakili."

"Afadhali." Akafikiri. "Au ni mbaya zaidi?"

"Inategemea. Unalima leo?"

"Nachuma. Kuchuma si kulima."

"Na hilo panga?"

"Limekuja lenyewe."

Yayra alikaa juu ya gogo ili asimtishe. "Wangapi hutoka shambani Alhamisi?"

"Mimi na mchungaji wangu. Na mchungaji leo ana mafua."

"Wengine?"

"Wengine ni waoga."

"Na Eno Frema, mwenye kakao pale mbele? Umewahi kumwona shambani Alhamisi?"

Mtu yule alisimama wima, akasahau kujificha. "Yule bibi? Yule ndiye aliyenishitaki kwa chifu mwaka jana! Nilitoa kondoo kwa ajili ya mdomo wake! Yeye Alhamisi hata ufagio hashiki, anasema utakwaruza uwanja."

Shahidi asiyempenda mtu ni bora kuliko ndugu kumi. Yayra alifungua ukurasa mpya. "Utanisainia maneno hayo?"

"Niandike kwamba nilikuwa shambani siku ya Alhamisi? Halafu chifu asome?" Alishaanza kukusanya pilipili zake. "Huyo ni kondoo wa pili, Madam. Sisaini."

Yayra alirudi mjini akiupima mzigo aliokuwa nao. Wakili yeyote angeuvunja kwa pigo moja: ikiwa mlokole mmoja anavunja mwiko, kwa nini mjane asiuvunje? Na shahidi wake pekee hataki kusaini. Alihitaji maneno ya mtu aliyekwisha kuapa.

Masijala ya mahakama ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ukumbi. Ebo Essilfie alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikuwa akila kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, akanawa mikono haraka alipooneshwa kitambulisho. Yayra alimwomba msajili wa mahakama akae nao kama shahidi.

"Bwana Essilfie, unaruhusiwa kukataa kujibu. Unaruhusiwa kuwa na wakili. Ninachoandika utakisoma kabla ya kusaini. Sawa?"

"Sina cha kuficha, Madam."

"Ulihamia hapa lini?"

"Katikati ya Mei."

"Kwa hiyo tarehe sita Juni ulikuwa na majuma matatu hapa. Nieleze ulivyopeleka samansi ya Frema."

Alieleza kama hati ilivyosema, karibu neno kwa neno.

"Ulikwenda kwa usafiri gani?"

"Kwa miguu. Pikipiki ilikuwa mbovu."

"Saa ngapi ulifika?"

"Saa nne. Jua lilikuwa limepanda."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Panga. Alikuwa ameinama hivi, anapalilia. Mbishi sana yule bibi."

"Peke yake?"

"Shambani kwake peke yake."

"Na njiani? Ulikutana na mtu?"

Essilfie alitabasamu. Alikuwa mtu anayeamini kwamba maelezo yakiwa mengi ukweli unanenepa. "Wengi, Madam! Njia ilijaa. Wanaume na mapanga yao, wanawake na makapu ya mihogo kichwani. Wazee wawili walinisalimu. Nilisimama pembeni kuwapisha."

"Wakienda au wakirudi?"

"Wapo waliokuwa wakienda, wapo waliokuwa wakirudi. Si ilikuwa siku ya kazi?"

Msajili, ambaye alikuwa mzaliwa wa Odumkrom, aliacha kupekua jalada lililokuwa mbele yake. Yayra alimtazama mara moja, na msajili akafunga mdomo.

"Njia ilijaa," Yayra alisoma alichoandika. "Wanaume na mapanga, wanawake na mihogo. Siku ya kazi. Ni sawa?"

"Sawa kabisa."

"Saini hapa. Na hapa."

Alisaini kwa mbwembwe. Yayra akaukausha wino kwa kipande cha karatasi, akayaweka maelezo mbali na mkono wake.

"Kwenu ni wapi, Bwana Essilfie?"

"Saltpond. Mtu wa baharini mimi."

"Kwenu bahari inapumzika siku gani?"

"Jumanne. Hakuna mtumbwi unaotoka."

"Na mashamba?"

"Ijumaa. Ardhi yetu ni Efua, Madam, binti wa Ijumaa. Ukishika jembe siku hiyo, wazee watakula..." Tabasamu lilibaki usoni kwa muda baada ya maneno kuisha.

"Na hapa ardhi inaitwa nani?"

Essilfie alimgeukia msajili, na msajili akamwambia kwa sauti ndogo, "Yaa, ndugu yangu. Asase Yaa."

Hakuna mtu nchini asiyejua Yaa ni mtoto wa siku gani. Essilfie alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, kana kwamba ingeweza kumsaidia.

"Mtu mmoja anaweza kuvunja mwiko," Yayra alisema. "Leo nimemwona mmoja kwa macho yangu. Njia nzima haiwezi. Njia uliyoisimulia haijawahi kuwepo Odumkrom siku ya Alhamisi."

Kenkey ilikuwa ikipoa mezani. Nje mtu alikuwa akiita namba za mashauri.

"Nilitafuta siku isiyo na dosari," Essilfie alisema mwishowe. "Nilikaa na kalenda. Nikaiacha Jumanne, nikaiacha Ijumaa, Jumatatu ilikuwa imebanana na mashauri. Nikasema Alhamisi, siku isiyo na neno na mtu."

"Samansi iko wapi?"

Alivuta droo ya chini. Chini ya daftari la zamu ilikuwepo nakala ya Frema, yenye jina lake na muhuri mwekundu, haijakunjwa hata mara moja. Karatasi iliyoapiwa kwamba iliachwa kwenye matope ya shamba la kakao.

Msajili alishika kichwa. "Ee Bwana wangu."

"Usiiguse," Yayra alimwambia. Aliichukua kwa pembe, akaitia kwenye bahasha, wote watatu wakasaini juu yake. "Kwa nini, Bwana Essilfie?"

"Nilitaka kuipeleka, naapa..." Akajikatiza. "Nilitaka kuipeleka. Loya Amoateng alinikuta ngazini akaniuliza hati ya kiapo iko wapi, likizo ya mahakama inakaribia. Nikamwambia bado sijafika kwa bibi. Akasema, 'Wewe apa kwanza, utapeleka baadaye.' Nikaapa. Hiyo baadaye haikufika."

"Nani alisikia?"

"Ngazi."

"Ngazi na kuku," Yayra alisema. "Wote hawaapi."

Aliandika maneno hayo ya ngazini kwenye ukurasa wa peke yake, na juu yake akaweka alama: neno la mtu aliyekwisha kuapa uongo.

Ofisi ya Wakili Amoateng ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge. Saa tisa alasiri alimpokea Yayra bila kumngojesha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mtoto wa Odumkrom, na mjomba wake alikaa mkono wa kulia wa chifu.

"Accra wamenitumia Mwewe wa Volta," alisema, akicheka kwa tumbo. "Waasante wameisha?"

"Mwewe haji pasipo na vifaranga, Loya."

Alicheka tena, kidogo zaidi ya ilivyostahili. "Kaa, dada. Uliza."

Yayra alimsomea haki zake zote kama alivyomsomea Essilfie: kunyamaza, kuwa na wakili, kusoma kabla ya kusaini. Kisha akaweka mezani nakala ya mwenendo wa kesi.

"Mstari wa tisa. 'Nimejiridhisha, Mheshimiwa, kwamba mdaiwa aliitwa ipasavyo.' Ni maneno yako?"

"Ni yangu."

"Kabla ya kuyasema, uliisoma hati ya kiapo ya Essilfie?"

Amoateng aliutazama mstari huo kwanza. Miaka thelathini ya kuhoji mashahidi ilikuwa imemfundisha kuona shimo kabla ya kukanyaga.

"Swali lako lina mitego miwili."

"Lina majibu mawili."

"Nikisema niliisoma?"

"Wewe ni mtoto wa mji huu. Uliona Alhamisi na uliona palizi."

"Nikisema sikuisoma?"

"Basi ulimwambia jaji umejiridhisha na karatasi usiyoijua."

Alisimama, akaenda dirishani. "Walokole hulima Alhamisi siku hizi. Mji umebadilika."

"Nimemkuta mlokole mmoja, na anamchukia Eno Frema kwa kuwa alimshitaki. Essilfie aliikuta njia nzima." Alisogeza maelezo yaliyosainiwa, kisha bahasha. "Na hii ilikuwa kwenye droo yake. Msajili ni shahidi."

Amoateng alisoma akiwa amesimama. Alisoma mpaka mwisho, na alipofika ukurasa wa ngazini aliurusha mezani. "Neno la mwongo."

"Nimeliandika hivyo hivyo. Na lako litakaa kando yake kwa usawa. Ulimwambia aape kwanza, apeleke baadaye?"

Kimya.

"Ulimwambia, Loya?"

Kimya.

"Nitaandika: hakujibu."

"Andika: anafikiri."

"Anafikiri," Yayra alisema, akaandika.

Amoateng alikaa. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni na sasa alionekana mzee. "Kamati itakaa lini?"

"Novemba. Shamba linakwenda kesho saa tatu. Wakili wa msaada wa sheria hawezi kutoka Kumasi kabla ya Jumatatu, nimeshampigia. Mwalimu wa kanisa anaandika ombi kwa mkono usiku huu, na hajui hata liandikwe kwa muundo gani. Lakini kanuni ya kazi yako unaijua. Wakili akijua kwamba alichokiweka mbele ya jaji ni uongo, anamwendea jaji. Hangoji kuitwa."

"Na mteja wangu je? Asiamah ananilipa nimtetee."

"Ana haki ya ulimi wako. Hana haki ya uongo wako."

"Nikienda, utaifuta ripoti?"

"Siifuti."

"Utaipunguza makali?"

"Nitaongeza ukurasa wa kile utakachofanya. Kitakavyokuwa, ndivyo kitakavyoandikwa."

"Sasa mimi nina faida gani?"

"Sikuja na faida, Loya." Alikusanya karatasi zake, akamwachia nakala. "Jaji Okpoti anaingia saa mbili na nusu."

Ijumaa asubuhi Eno Frema alikuja mahakamani amevaa kitambaa cheusi na chekundu, cha msiba, ili asiyejua ajue. Mwalimu wa kanisa alishika ombi lake la mkono. Karani alikuwa ameligeuza mara tatu, akasema halina namba, akalirudisha. Kwenye ua Asiamah alisimama na watu sita, na ofisa wa mahakama akiwa na amri ya kukazia hukumu mfukoni. Mmoja wa wale sita alikuwa akinoa panga kwenye ngazi ya saruji, polepole, kwa ajili ya kusikika.

Saa mbili na dakika arobaini Amoateng hakuwepo. Saa mbili na dakika hamsini ofisa alitazama saa yake, akawaita wale sita kwa ishara ya kichwa.

"Twende," Asiamah alisema. "Bibi, uliacha chochote shambani? Kikapu, kamba? Sema sasa."

"Niliacha miaka yangu arobaini," Eno alijibu. "Utaibeba yote?"

Yayra alimsogelea ofisa. Hakuwa na uwezo wa kumzuia, na ofisa alijua. "Nakuomba dakika kumi tu. Andika kwamba ni mimi niliyeomba."

"Madam, mimi natii amri."

"Itii saa tatu kamili. Amri imesema saa tatu."

Ofisa aliisoma amri, akakuna shingo, akangoja.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tatu Amoateng alipopita kati yao akiwa na joho na wigi, bila kumsalimu mtu. Mteja wake alimfuata ndani akidhani ni jambo la heri. Ofisa naye akafuata.

Jaji Okpoti, mwanamke wa Accra mwenye sauti ya chini, aliinua macho. "Wakili Amoateng, shauri lako halimo kwenye orodha ya leo."

"Najua, Mheshimiwa. Naomba kusikilizwa juu ya hukumu niliyopewa dhidi ya Frema."

"Unamwakilisha nani?"

"Kwa dakika hizi chache, simwakilishi mtu. Nasimama kama wakili mwenye wajibu kwa mahakama hii. Hati ya kiapo niliyoitegemea ni ya uongo. Mdaiwa hakuitwa. Samansi yake ilikutwa jana kwenye droo ya masijala."

"Loya!" Asiamah alipaza sauti. "Umelala vibaya?"

Ukumbi ulicheka. Jaji aligonga meza mara moja, na kicheko kikakatika. Mkalimani alikuwa akimnong'oneza Eno Frema kila neno kwa Kitwi, na bibi alikuwa ameinamisha sikio kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Wakili," jaji alisema, "uliniambia umejiridhisha. Uliisoma hati hiyo kabla ya kuniambia?"

Yayra alikuwa na kalamu mkononi.

"Niliisoma, Mheshimiwa. Niliiona siku, na niliiona palizi. Hakuna mtu wa hapa ambaye asingeiona." Alishika ukingo wa meza. "Nilijua wewe si mtu wa hapa."

Jaji Okpoti aliinamia daftari lake. Aliandika, na ukumbi ulisikia kalamu yake. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ile ile ya chini.

"Hukumu imetenguliwa. Amri ya kukazia imefutwa. Ofisa, ilete hapa. Shauri litasikilizwa upya Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Mpaka hapo shamba halitaguswa na mtu isipokuwa mdaiwa, na kakao itakayoiva ataivuna yeye. Bwana Asiamah naye atasikilizwa kwa haki, akiwa na wakili mwingine. Bwana Essilfie atapelekwa polisi. Wakili Amoateng, utaningoja ofisini kwangu, na mpelelezi wa Kamati aje pia na majalada yake yote."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Vua wigi kwanza."

Akalivua. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko Yayra alivyodhani. Alipopita karibu na benchi lake alisimama. "Umeliandika jibu langu?"

"Yote mawili. La jana na la leo."

Jaji alimgeukia mkalimani. "Mwulize mdaiwa kama ameelewa kwamba ameitwa mbele ya mahakama hii, na tarehe."

Mkalimani akauliza. Eno Frema alisimama polepole, akashika benchi la mbele, akamtazama jaji usoni. Alisema maneno machache. Mkalimani alisita.

"Tafsiri," jaji alisema.

"Anasema ameelewa, Mheshimiwa. Oktoba, Jumatatu ya kwanza." Mkalimani alikohoa. "Anasema siku hiyo Mheshimiwa ale vizuri kabla ya kuja, kwa sababu yeye ana maneno mengi."

Jaji Okpoti aliinama, akaandika na hilo.